Mwaka Nilipodai Mali Yote

Ukishuka kwenye gari la moshi hapa Kamina, usihangaike kuuliza njia. Sema tu, "Nyumba ya Kabamba wa matofali," na mama yeyote anayeuza karanga pale stesheni atakunyoshea kidole. Shule nilikwenda miaka miwili, na ule wa pili sikuumaliza, maana mwalimu alinipiga kwa kosa la mwingine, nikamrudishia ubao wake nikaenda zangu. Lakini nusu ya nyumba za sité, mtaa wetu sisi Waafrika, zimesimama kwa matofali yangu, na wazungu walipoanza kujenga kambi yao ya ndege nje ya mji, walikuja wenyewe mpaka mbele ya tanuri yangu, wakagonga tofali kwa kidole, likalia kama sahani. Nina malori mawili. Nina redio. Nina suti ya sufu ambayo ninaivaa hata kwenye joto, kwa sababu niliinunua ili ionekane. Sisemi haya kwa kujisifu, au basi tuseme ninajisifu, maana hakuna mtu aliyenipa kitu. Ndivyo nilivyozoea kusema: hakuna aliyenipa. Nimelisema neno hilo kwenye harusi, kwenye vilio vya misiba, hata mbele ya padri. Lakini tangu nilipotoka Kinkondja, mwezi uliopita, kwenye kilio cha Ngoie, halitoki tena mdomoni. Ndiyo sababu nimeketi kuandika habari za mwaka mmoja, kwa mwandiko wangu huu wa kuparura, bila kumwita karani anisaidie.

Ngoie alikuwa mke wangu wa kwanza. Ya wazazi wangu na kijiji nilikotoka nayaacha, hayana kazi hapa. Mwaka ninaousema ulikuwa kabla ya vita vya wazungu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, kibarua wa reli, kazi yangu kubeba mataruma begani, wenzangu wawili wawili, na mimi nilikuwa nabeba peke yangu watu watazame. Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi, chumba kimoja katikati ya safu, ukuta umepakwa chokaa ambayo ilikuwa inakushika mgongoni ukiegemea. Ndani palikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, sufuria mbili, na kiti. Hicho kiti lazima nikieleze. Kilikuwa cha mbao, chenye mgongo, nilikinunua kwa seremala wa misheni kwa mshahara wa kwanza kamili. Kambi nzima walikaa kwenye mikeka na vigoda. Mgeni akija kwangu nilimkalisha pale, yeye peke yake juu, na sisi chini tukimtazama. Ngoie alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo. "Baba Numbi," alikuwa anasema, "kiti yako hii ni ya kufukuzia bantu. Muntu akikaa pale anajua palepale kama yeye haiko wa hapa." Mimi nilimwambia wivu.

Numbi ndiye binti yetu. Mwaka ule ulipoanza alikuwa na meno manne, mawili juu, mawili chini, na alikuwa anayatumia kunyonya kichwa cha samaki mkavu mpaka kinabaki cheupe. Samaki tulipata kwenye posho. Kila Jumamosi kampuni iligawa chakula uwanjani: unga, maharage, chumvi, mafuta ya mawese, samaki. Mwanaume alikuwa na sehemu yake, mke yake, mtoto yake ndogo. Wanawake walipanga foleni na mabeseni tangu asubuhi, wakitukanana na kuchekana. Ngoie alikuwa mtu wa Kinkondja, amezaliwa kando ya ziwa, kaka yake Banza alikausha samaki na kuwaleta kuuza Kamina. Basi Ngoie akipewa samaki wa posho alimnusa kwanza, akasema, "Huyu walimukausha na kuni mubichi," na karani wa posho alichukia sana. Jioni tulikula bukari, ugali wa kwetu, na samaki huyo, mtoto katikati yetu kwenye mkeka, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye viwiko. Nimekula katika nyumba nyingi tangu hapo. Nimekula na wazungu. Sijui kwa nini nikifumba macho ninaona viwiko vile.

Niliharibu mwenyewe. Nilitaka viatu. Si viatu vya kazi, viatu vyekundu vya kamba nilivyoviona kwa Mgiriki dukani. Nikaanza kuchukua sehemu ya mtoto, samaki na mafuta, kuwauzia vijana wa kambini ambao hawakuwa na wake. Ngoie aliponiuliza nilimjibu, "Mutoto ana meno ine tu, samaki ya nini?" Jumamosi ya pili nikafanya tena. Jumamosi ya nne hakurudi kambini. Alitoka kwenye foleni ya posho moja kwa moja, beseni kichwani, mtoto mgongoni, akapita mbele ya chumba chetu bila kugeuza shingo, akaenda kwa kaka yake Banza, aliyekuwa amepanga karibu na soko. Nilikuwa nimesimama mlangoni na viatu vyangu. Nilidhani atarudi kabla ya Jumatatu. Jumatatu nikaitwa tribinali.

Tribinali ya wakati ule haikuwa hii ya leo. Ilikuwa nyumba ya udongo na majani, meza moja, wazee watatu nyuma yake. Mkubwa wao alikuwa Mzee Kasongo, mtu mfupi aliyezoea kufumba jicho moja akisikiliza. Kando alikaa karani, Daudi, kijana wa Kimetodisti, kaptula imepigwa pasi mpaka ingekata mkate. Watu wengine wote walisimama au walikaa chini. Mimi nilikwenda na kiti changu begani. Nilikuwa nimesema moyoni kwamba sitachuchumaa mbele ya watu kama mwizi wa kuku. Nilipokiweka katikati, Mzee Kasongo akafungua lile jicho lake.

"Kabamba, weye unahama ao unakuja mu tribinali?"

Watu wakaangua kicheko. Nilicheka pia, nikakaa.

Kuachana kwenyewe kulikwisha upesi. Hatukufunga kwa padri, tulioana kwa mali: nilikuwa nimetoa mbuzi kumi, bunduki moja ya baruti na blanketi mbili. Ngoie alisema hataki tena, mimi nikasema simshiki mtu. Kilichochukua asubuhi nzima kilikuwa yale yanayofuata, na leo ninapofikiri, ninawaheshimu wale wazee, maana walipima kila kitu kama mtu anayepima mlango kabla ya kuukata. Mzee Kasongo alieleza hivi. Mke akiondoka, mali inarudi. Lakini mke aliyezaa, mali yake hairudi yote. Sehemu inabaki kwa wakwe, na hiyo sehemu ndiyo inayomshika mtoto upande wa baba. Kwa mtoto mmoja, mbuzi wawili wabaki. Mtoto atakaa na mama yake mpaka ageuze meno, yale ya utoto yatoke, kisha atakuja kwa baba. Na muda wote huo baba atapeleka posho kila Jumamosi.

Ndipo wakaanza kuulizana posho gani. Walimuuliza Ngoie mtoto anakula unga kiasi gani, akaonyesha kwa viganja. Walimuuliza kapita wangu, msimamizi wetu wa reli, ninapata nini kwa mwezi na kama ninakunywa. Kapita akasema, "Kunywa hapana sana. Anapenda kuvaa." Watu wakatazama viatu vyangu. Mzee wa kushoto akasema samaki mmoja kwa wiki anatosha, mzee wa kulia akakasirika.

"Mutoto wa Kinkondja, samaki moja? Unataka kumuua?"

"Mutoto yeye haiko wa Kinkondja," Mzee Kasongo akamkatiza. "Iko wa Kabamba. Njo maana tunaongea hapa." Akanigeukia. "Samaki mbili, kibaba ya unga, chumvi, chupa ya mafuta kwa mwezi. Na kitambaa mwaka ukiisha. Unasikia?"

Nilisikia. Lakini nilikuwa nimesikia kingine kabla, jana yake, kwenye bomba la maji kambini, nikiwa nyuma ya ukuta na wao hawajui. Wanaume wa safu yetu walikuwa wanapiga domo. Mmoja alisema, "Sasa Kabamba atakuwa mubebaji wa unga. Kila Samedi ya posho na kifuko ku kichwa: hodi, mama, nimeleta posho!" Mwingine akaigiza sauti ya mwanaume mpya ambaye Ngoie angempata, akijibu kutoka ndani, "Weka pale ku mulango, rafiki, tunakula." Walicheka mpaka ndoo ikafurika. Kile kicheko kilinikaa kichwani kama chawa. Nilimwambia Mzee Kasongo mbele ya wote kwamba mimi sitalisha mwanamke aliyeniacha, wala nyumba ya mwanaume mwingine, na kwamba mali yangu ninaitaka yote. Mbuzi kumi, si wanane.

Hapo hawakucheka tena. Mzee Kasongo alitazama jua, akasema waende kula kwanza.

Watu walitawanyika. Nilibaki nje kando ya ukuta, kwenye kivuli chembamba, juu ya kiti changu. Ngoie alikuja peke yake. Alikuwa anammenyea mtoto kiazi kitamu, anamtia vipande mdomoni, hakunitazama usoni alipoanza kusema. Kwa sauti ya chini, kama tulivyokuwa tukisema zamani jirani wasisikie ukutani.

"Baba Numbi. Acha mbuzi mbili."

"Kwa nini niache?"

"Posho, usilete. Nitasema mbele yao kama miye mwenyewe nimekataa. Nitamulisha na mikono yangu, samaki kwetu haikosekane. Lakini acha zile mbuzi mbili, mutoto abakie na baba. Siku bataulizia baba yake, asikose jina."

Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo panaponikosesha usingizi. Mwanamke aliyekuwa ametendewa vile alikuwa ananipa mtoto bure. Alikuwa ananiondolea ule mzigo wa unga niliouogopa, na bado ananiachia jina. Na mimi nilifanya nini? Nilikunja mkono wa shati, nikamwonyesha msuli.

"Unaona nguvu hii? Batoto nitazaa kumi. Mbuzi, nani atanizalia?"

Ngoie alitazama ule mkono. Akamfuta mtoto mdomo. "Haya," akasema. "Ukae ku kiti yako." Akaenda.

Wazee waliporudi, Mzee Kasongo aliniuliza mara tatu, ndivyo desturi. Mara ya kwanza nilijibu nikiwa nimekaa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu akasema, "Simama. Neno hili muntu hasemi akikaa." Nikasimama. "Unataka mali yote?" Nikasema, "Yote." "Unajua mali ikirudi yote, mutoto anafuata mama, anakuwa wa bajomba yake, na weye huna neno juu yake, ku ndoa yake wala ku kilio yake?" Nikasema ninajua. Nilijua kweli, sitajitetea kwa kusema sikuelewa. Daudi aliandika, akasoma polepole, akanishika dole gumba akalikandamiza kwenye wino na kwenye karatasi. Wino ule niliufuta kwenye kaptula. Haukutoka. Njiani watu wa kambi walinipigia makofi, nikatembea katikati yao na kiti begani kama mtu aliyeua nyati.

Banza alichukua wiki sita kukusanya mali. Baadaye nilisikia aliuza mtumbwi na wavu. Alikuja na mbuzi kumi wakitembea kwa miguu kutoka kituo, wamekonda, bunduki begani, blanketi mbili mkononi, na nyuma yake Ngoie na mtoto. Tulikutana mbele ya tribinali. Banza akasema, "Angalia, shemeji, kama ni zote," na hiyo ilikuwa mara ya mwisho kuniita shemeji. Zilikuwa zote. Ndipo akatoa pemba, ule udongo mweupe wa kwetu, akampaka Numbi kwenye paji la uso mbele ya wazee, kuonyesha kwamba sasa ni wa kwao. Mtoto hakulia. Alikuwa anatazama kifungo cha shati langu, kilikuwa cha shaba, kinang'aa. Akanyosha mkono kukishika. Banza aliuondoa ule mkono, taratibu kabisa, kama unavyoondoa mkono wa mtoto kwenye kitu cha watu.

Mbuzi mmoja alikuwa na mimba. Alizaa wiki ile ile, mapacha, nyuma ya chumba changu.

Sasa niseme lile ambalo nimelificha miaka yote hii kwenye hotuba zangu. Wale mbuzi niliwauza. Na bunduki. Na kwa fedha hiyo nikanunua kalibu sita za matofali na mkokoteni, nikaacha reli. Mwanzo wa Kabamba wa matofali ni huo, hakuna mwingine. Kila tofali lililofuata lilizaliwa na lile la kwanza, na lile la kwanza lilitoka mikononi mwa Banza aliyekuwa ameuza mtumbwi. Mimi nilikuwa nasema hakuna aliyenipa.

Nilioa wake watatu baada yake. Wawili waliondoka wakazaa kwa wanaume wengine, wa tatu yupo, anasali. Mimi sikuzaa. Mwaka uliofuata ule nilikuwa nimeugua ugonjwa ambao vijana wenye fedha mpya huupata mjini, nikaona umepona. Daktari wa misheni alinieleza baadaye, akitazama dirisha na si mimi, kwamba haukupona bali ulifunga mlango nyuma yake. Nilikwenda kwa waganga pia, mpaka Kabondo-Dianda, kwenye barabara zilizovunja ekseli yangu. Nilikunywa mizizi. Nilinunua kitanda cha chuma.

Numbi alipofika umri wa kugeuza meno, nilikwenda Kinkondja na mbuzi ishirini. Ishirini! Banza alitoka nje, akanisalimu, akanipa maji, akasema, "Bwana Kabamba, hapa hatuuzishe bantu." Niliporudi nikamwendea Daudi. Wakati huo tribinali mpya ilikuwa inajengwa, kwa matofali yangu, nilimwambia nitayatoa bei nusu, anitafutie ile karatasi, labda kuna kosa. Daudi aliitafuta, akaikuta, akavaa miwani yake. Alisoma mpaka mwisho, akanigeuzia nione. Dole gumba langu lilikuwa pale, mistari yake yote inasomeka. "Kila kitu iko sawa, Bwana Kabamba," akasema. "Iliandikwa vizuri." Basi niliwauzia matofali bei kamili. Siku hizi nikipita mbele ya ile nyumba, ninaona kuta zangu zilizonyooka, nzuri, na ninajua ndani yake kuna sanduku lenye karatasi ile, na hakuna mvua itakayoifikia kwa sababu nilichoma matofali vizuri mno.

Mwezi uliopita dereva wa samaki akaniletea habari: Ngoie amekufa, kifua. Nilipakia magunia matano ya unga kwenye lori, nikavaa suti. Njia ya mwisho nilikwenda kwa mtumbwi, magunia mbele, mimi nyuma nimeshika kofia. Kinkondja nzima inanuka moshi wa samaki, nikanusa, nikajua palepale kuni zilikuwa mbichi. Sikujua kwamba bado ninayo pua ile ya Ngoie.

Kwenye kilio watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, wanaume wa ukoo upande mmoja kuzunguka beseni kubwa la bukari, wanakula kwa mkono mmoja na kutoa machozi, na kuongea mambo ya nyavu. Banza alikuwa katikati, mzee sasa, karibu kuwa kipofu. Hakuna aliyenifukuza. Numbi alikuja kunipokea. Ana mabega yangu, na mwendo wangu wa kutupa mguu wa kulia. Alipiga goti kidogo, kwa heshima, akanishukuru kwa unga: "Wafwako, Bwana, umefanya safari murefu." Nikaona nafasi kwenye mkeka, kati ya wanaume wawili, nafasi ya mtu mmoja hasa, nikavua viatu, nikaanza kukunja magoti nikae.

"Hapana, Bwana!" Numbi alinishika kiwiko. Alikuwa anasema kwa wema, sina budi kulisema hilo. "Usikae chini, utachafusha suti." Akageukia nyumba akaita, "Leteni kiti ya mugeni!"

Kikaletwa kiti cha mbao chenye mgongo. Kikawekwa peke yake, mahali palipofagiwa, kivulini. Nikakaa. Wakaniletea meza ndogo, bukari yangu mwenyewe katika sahani iliyofunikwa, na samaki mzima, mkubwa, kutoka kichwa mpaka mkia, kama anavyopewa mtu wa mbali. Wale wa kwenye mkeka waliinama tena kwenye beseni lao. Binti mdogo wa Numbi, anayejifunza kutembea, akaja akashika mguu wa kile kiti akaninyoshea uso. Alikuwa na meno manne. Nilikata kichwa cha samaki, nikakishika kwa vidole, nikaanza kumpelekea.

"Toka pale, mama," Numbi akamwita kwa upole kutoka kwenye mkeka, "acha mugeni akule." Akaja akamwinua, akaenda naye.

Nikabaki nimekishika kile kichwa. Watu wananitazama, kwa adabu, kama mgeni anapopendezwa na chakula. Basi nikala. Nilikula samaki yule wote.